Nyumba Iliyojibu Mmoja

Mama Kulwa anadai aliyaona kwa macho yake mawili, na ukimtazama kwa shaka anaapa kwa watoto wake. Eti Jumanne, jua likiwa utosini, watu wa Ofisi ya Makazi walifika kwa Mzee Kapaya, hapo hapo mtaa wa Mihama, nyumba ya pili kutoka bombani, na gari la mizigo. Ndani ya gari kulikuwa na familia nzima iliyotolewa mahemani, magodoro yao, masufuria yao, na kuku aliyefungwa miguu. Hawakugonga mlango. Walikwisha kubisha kwa waya, huko huko ofisini, na nyumba haikuitika. Wakausukuma mlango, wakamkuta Mzee Kapaya kwenye kigoda, tonge mkononi.

"Sasa sikia," alisema Mama Kulwa, akivuta kanga begani. "Mzee anawaambia, karibuni chakula. Wale wakamtazama, wakatazama kishikwambi chao, wakamtazama tena. Kuna msichana mmoja mwenye miwani, akamwambia, tena kwa adabu kabisa, 'Samahani babu, wewe humo humu.'"

"Humo?" aliuliza Mwamvua.

"Humo! Na tonge mkononi! Mzee akasema, 'Mjukuu wangu, mimi ndiye Kapaya mwenyewe.' Akaambiwa, 'Hatukatai babu, lakini nyumba haina pumzi.' Wakashusha magodoro." Mama Kulwa akapiga kofi moja, kama hakimu anayefunga kesi. "Zamani, mwanangu, mgeni akipiga hodi tatu asiitikiwe, alirudi alikotoka. Siku hizi akipiga hodi tatu asiitikiwe, anahamia."

Mwamvua aliendelea kupepeta. Pumba ziliruka, chenga zikabaki kwenye ungo. Hakuwa na tabia ya kumkatiza mtu mzima, na isitoshe alikuwa amegundua zamani kwamba mtu anayeachwa aseme husema zaidi ya alilokusudia. Jumanne jua la utosini Mama Kulwa alikuwa zahanati na mapacha wake. Mwamvua alijua kwa sababu mwavuli aliokwenda nao aliuazima kwake, na ulirudi alasiri. Basi hakuona kitu. Lakini ni kweli mlango wa Mzee Kapaya ulikuwa na pazia jipya, na mzee mwenyewe hakuonekana tena bombani. Ulikuwa uongo wenye mguu mmoja wa kweli. Kilichomkera Mwamvua kilikuwa kingine: kwa nini umeletwa kwake, na kwa nini aliyeuleta amekataa kigoda, amesimama tu, macho yanatembea.

"Na kisanduku chako bado kimya, nasikia," alisema Mama Kulwa.

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani, mama?"

"Watu ni watu, mwanangu, hawana kabila." Akacheka peke yake. "Cha kwangu kinajibu, ila kijinga. Kulwa na Doto wakilala kinawahesabu mtu mmoja, eti pumzi zao zinakwenda sawa. Kila mara naulizwa, mtoto mmoja umempeleka wapi? Nimewaambia waje wenyewe wawaamshe." Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kichanja cha vyombo. "Leo umekula na nani?"

"Na njaa yangu."

"Njaa yako ina sahani yake?"

Mwamvua hakugeuka kutazama zile sahani mbili. "Moja ya jana, mama. Uvivu."

"Uvivu, wewe?" Mama Kulwa akajifunga kanga upya. "Haya. Kaa na uvivu wako salama." Akaondoka taratibu, mwendo wa mtu aliyekuja kuchukua kitu na amekipata.

*

Ndani, Kabula alikuwa amejikunja nyuma ya magunia ya mahindi.

"Ameenda?"

"Ameenda, lakini masikio kayaacha. Sema polepole."

Kabula alikuja wakati wa masika. Mwamvua alimkuta asubuhi chini ya ukingo wa bati, amelowa hadi kwenye mifupa, mkono wa kushoto umefungwa kitenge kifuani. Alimwambia apite ndani. Kabula hakupita. Kwanza alitazama kibao cha bati kilichopigiliwa kwenye kizingiti, penye namba ya watu walioandikishwa: moja. Kisha akauliza swali ambalo Mwamvua alilitafuna tangu siku ile na bado hajalimeza: "Nyumba yako inajibu?"

Mtu anatetemeka kwa baridi, hajaomba moto, hajaomba maji, anauliza habari za kisanduku. Ni mtu wa namna gani huyo?

Mwamvua alimwambia haijibu. Kila nyumba Unyanyembe ilipewa ruta yake tangu ziwa lilipopanda na kumeza miji yake, na watu wa huko wakaja juu kutafuta pa kulala. Kwa watu kilikuwa kisanduku tu, ukubwa wa tofali, kilichotundikwa ukutani, kikileta mtandao kwa masikio yake mawili ya plastiki. Lakini mawimbi yake yaligonga kila kifua kilichokuwa chumbani na kurudi, nacho kikajua vifua vingapi vinapanda na kushuka. Ofisi ikibisha kutoka nje, kinajibu hesabu. Nyumba isiyojibu huhesabiwa tupu, na nyumba tupu ina wenyewe wanaoingoja mahemani. Mama yake Mwamvua, alipokuwa hai, alikuwa na kibali cha mjane, nyumba yake isihesabiwe tupu hata isipojibu. Akakifunga kisanduku kisimjibu yeyote. Alisema nyumba ya mwanamke haiitikii kila anayepita njia.

Ndipo Kabula akaingia. Alieleza kwamba mumewe, Luhende, ni mtu wa mitambo kule ziwani, kwenye kituo ambako hodi zote hutokea. "Hatakuja kuuliza mtaani, dada. Atakaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, abishe nyumba zote, atazame ni ipi iliyozidisha pumzi juu ya kibao chake." Na mkono? Alimvunja. Alisema hivyo tu, na Mwamvua akamtengea mkeka.

Lakini juzi, kupitia ufa wa mlango, Mwamvua alimwona akiinua ndoo iliyojaa kwa mkono ule ule uliovunjika. Hakumuuliza. Mama yake alimfundisha kwamba swali ni kama figa: moja peke yake halipiki chungu. Aliliweka kando akingoja mengine mawili.

Alasiri ile ile akaja Mjumbe Mrisho, mzee mnene mwenye kofia ya kufuma, akasimama kizingitini akihema.

"Binti, Ijumaa ni uhakiki. Kisanduku kijibu."

"Mama alikifunga, mjumbe."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na kibali. Kibali kimekwenda naye. Mwite fundi akifungue. Ijumaa nitapita baada ya swala. Wewe unakaa ndani, mimi nabisha kutoka hapa nje, kisanduku kinajibu mmoja, tunaagana. Kikinyamaza..." Alitazama paa, milango, kuta, kama fundi cherehani anayempima mtu kwa macho. "Nyumba nzuri hii. Mama yako alihangaika nayo."

Alipokwenda, Kabula alitoka nyuma ya magunia. Alikuwa amekwisha kukusanya kanga yake na chanuo lake.

"Naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Mahemani."

"Mahemani wanahesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Kaa chini." Mwamvua alikuwa anatazama kinu kilichokuwa kwenye kona. Kazi yake ilikuwa kutwanga. Mtaani kulikuwa bado na watu waliosema unga wa mashine unanuka chuma. "Wale mapacha wa Mama Kulwa," alisema polepole, "hawakukusudia."

"Hawakukusudia nini?"

"Kupumua sawa. Sisi tukikusudia je?"

*

Kisanduku kilihesabu siku zote, hata kilipokatazwa kusema. Ubavuni kilikuwa na kioo kidogo, upana wa kiberiti, na ndani yake namba ya kijani. Mbili. Ilikuwa mbili tangu masika.

Mwamvua alimimina mahindi kinuni, akashika mchi. "Mchi ukipanda, vuta. Ukishuka, toa. Usinitazame, nisikilize."

Pu. Pu. Pu. Kabula alikaa nyuma ya magunia, mgongo ukutani. Mbili. Alikuwa anavuta kwa pupa, anatoa kabla ya wakati. Mbili. Mwamvua alipunguza mwendo. Kutwanga kwa haraka ni kwa kujionyesha, na kazi ya siku nzima hutaka mwendo wa kubembeleza mtoto. Pu. Pu. Mbili. Kabula akacheka, wakaanza upya. Wakakohoa, wakaanza upya. Jua lilikuwa limehama kutoka dirishani hadi mlangoni pale namba ya kijani ilipotetemeka, ikazimika, ikawaka tena.

Moja.

Waliitazama kama watu waliomfufua maiti. Mara ikarudi mbili, kwa sababu ya furaha.

Siku iliyofuata Kabula alitaka kushika mchi mwenyewe ili ajue uzito wake. Akafungua kitenge kifuani. Hapo Mwamvua aliuona ule mkono. Mfupa ulikuwa umeungana, naam, lakini uliungana upendavyo, na kati ya kiwiko na kiganja ulikuwa na kona ambayo mkono wa mtu hauna. Ungeweza kuinua ndoo. Usingeweza kunyooka tena. Mwamvua aliona haya kwa ajili ya figa alilokuwa ameliweka kando. Si haya yote. Shaka kidogo aliibakiza, maana mtu anaweza kuvunjwa mkono na bado akaficha jambo.

"Ulimtazama akibisha?" aliuliza. "Kule kituoni?"

"Nilimpelekea chakula. Aliniita nione. Alisema, tazama, naweza kujua nani kalala na nani, mji mzima." Kabula alipitisha kidole kwenye mchi. "Aliona raha."

*

Fundi Maganga alikuja Jumatatu asubuhi na begi la vyombo na shati lililopigwa pasi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya chini, na Mwamvua hakuipenda sauti ile. Watu wa Ofisi wengi wao huongea hivyo, kama mnafahamiana. Alimpa kigoda karibu na kisanduku, mbali na magunia, akaanza kutwanga.

"Samahani kwa kelele, fundi. Mzigo wa watu huu."

"Twanga tu, dada." Aligeuza kisanduku, akasoma mgongo wake. "Si kibovu. Kinasikia kila hodi. Kimekatazwa tu kuitika. Ni jambo la kugusa mara moja kwenye mpangilio wake. Neno la siri?"

"Sijui. Mama alilibadilisha, hakuniambia."

"Basi nitakichoma sindano." Alionyesha kitundu kidogo kama cha sikio la mtoto. "Kitasahau kila kilichoambiwa."

Mwamvua hakusimamisha mchi. Fundi aliingiza sindano, akaishikilia. Taa zote zikazimika, na katika kimya kile cha kisanduku amri ya mwisho ya mama yake ikafutika. Kisha taa zikaanza kurudi moja moja.

"Fundi, hakiwezi kujibu Ofisi tu, kikawanyamazia wengine?"

Alimgeukia. "Kwa nini unauliza?"

"Naishi peke yangu."

"Hmm." Alirudi kwenye kishikwambi. "Zamani iliwezekana. Ungekiambia, hodi ikitoka anwani fulani, itika. Nyingine zote, kaa kimya. Lakini Ofisi siku hizi inabishia kwenye anwani zinazobadilika kila mara, kama mtu anayevaa kofia mpya kila akija. Ukimruhusu yeye umeruhusu dunia. Na jambo jingine: anayebisha anaweza kutia maneno machache ndani ya hodi yake. Yatatokea hapo kwenye kioo, na kisanduku kitamrudishia yale yale pamoja na hesabu yako. Ndivyo anavyojua kwamba jibu ni la kwake, si la jirani. Usiyaogope. Mengi ni ya wauza sabuni."

Alibonyeza. "Tayari. Nakwenda nje nikibishie."

Alisimama njiani, upande wa pili wa mtaro. Mwamvua alimwona kupitia mlango. Pu. Pu. Nyuma ya magunia hakukuwa na sauti.

"Mmoja!" aliita fundi. Akangoja. "Mmoja!"

Jasho liliingia jichoni mwa Mwamvua. Akalifuta kwa bega, na katika kulifuta mchi ukagonga ukingo wa kinu, ukakosa mwendo. Kiasi cha kupepesa macho tu.

Fundi hakuita. Alitazama kishikwambi. Aliinua uso, akatazama nyumba: dirisha la kwanza, dirisha la pili, kibao cha kizingitini. Akavuka mtaro, akaja hadi mlangoni, akasimama mguu mmoja ndani. Macho yake yalipita kwenye magunia, yakapita tena.

"Una paka, dada?"

"Sina."

Kisha, kwa ile sauti ya chini, akasema, "Endelea kutwanga. Usikatishe."

Alirudi njiani. Pu. Pu. Pu. "Mmoja," alisema, safari hii hakupaza sauti.

Alifunga begi lake. Mwamvua alimkaribisha chai, akakataa. Alisema ana nyumba nyingine. Alipofika kwa Mama Kulwa alisimama, wakaongea. Mama Kulwa alicheka, akamgusa mkono. Mwamvua aliwatazama kupitia ufa hadi jicho likamuuma. Mtu akijua siri yako na asidai kitu, umshukuru au umwogope?

"Ametuficha," alinong'ona Kabula.

"Au ametuweka akiba," alisema Mwamvua.

*

Nyumba iliyofunguliwa masikio haikosi wasemaji. Tangu Jumatatu ile taa ya kisanduku ilipepesa bila mpango. OFISI YA MAKAZI INAWASALIMU. Pu. Moja. SABUNI YA MCHE BEI YA SHAMBA. Moja. MGANGA WA MAPENZI ANAPATIKANA ISEVYA. Kabula aliziba mdomo asicheke. Walilala mgongo kwa mgongo, mgongo wa mmoja ukisukuma wa mwenziwe, na asubuhi waliamka wamechoka kama watu waliobeba mizigo. Wakigombana, walingoja wote watoe pumzi ndipo waseme. Kabula alijifunza kula kwa mwendo wa mchi, kunywa kwa mwendo wa mchi. Siku moja alipiga chafya na wote wawili wakaganda kama panya waliosikia paka. Hakuna aliyebisha.

Ijumaa, baada ya swala, sauti ya Mjumbe Mrisho ilisikika kuanzia bombani. "Nyumba hii! Watano! Sawa!" Na nyuma yake ile ya Mama Kulwa, aliyejipa kazi ya kumsindikiza: "Hao ni watano kweli, mjumbe, yule wa sita ni mgeni, kaondoka jana."

Mwamvua alimimina mahindi. Kabula alikaa mahali pake. Namba ya kijani ilitulia kwenye moja kama nzi kwenye ukuta.

Taa ikapepesa. Mwamvua alidhani ni mjumbe ameanza kubishia kutoka mbali. Akatupa jicho kwenye kioo.

KABULA MAMA KAANGUKA ANAKUITA.

Angeweza kuuegemeza mwili wake mbele ya kioo. Alifikiri hivyo baadaye kidogo tu, na tayari ilikuwa nje ya wakati, kwa sababu Kabula alikuwa amenyoosha shingo kutoka nyuma ya magunia, akasoma. Midomo yake ilitembea juu ya kila neno. Kisha kifua chake kikakatika.

Mbili.

"Vuta," alisema Mwamvua.

"Ni mama."

"Vuta, Kabula. Mchi unapanda."

"Ana presha. Nilimwacha na presha. Dada, ni mama yangu."

Taa ikapepesa tena. Maneno yale yale, herufi zile zile. Na hapo Mwamvua, aliyeishia darasa la saba lakini ambaye utoto wake wote aliwinga ndege shambani kwa babu yake, aliuona mchezo mzima. Hujui ndege yuko kichaka kipi, kwa hiyo hulengi. Unarusha jiwe katika kila kichaka, kisha unatazama kipi kimetikisika. Luhende hakujua nyumba. Alikuwa ametupa jina hili katika nyumba zote za Unyanyembe, na mamia ya watu wakati huu walikuwa wanakitazama kioo na kuulizana Kabula ni nani. Hodi ya kwanza ilileta habari. Ya pili ilikuja kuona habari imefanya nini.

Alikwenda nyuma ya magunia na mchi mkononi, akapiga chini, kwenye sakafu, mbele ya magoti ya Kabula. Pu. Akapiga tena. Pu. Alimshika kidevu kwa mkono mwingine. Kabula aliuma pindo la kanga. Machozi yalimtoka bila sauti na bila pumzi ya ziada, yakateremka tu, na kifua chake, kidogo kidogo, kikaufuata mchi.

Moja. Kama jibu la hodi ya pili liliondoka na moja au na mbili, Mwamvua hakuona. Alikuwa amekipa kioo mgongo.

"Ni mtego," alinong'ona, kila neno akilitoa mchi unaposhuka. "Anataka ushtuke."

"Najua." Pu. "Nilijua nilipomaliza kusoma." Pu. "Na kama ni kweli?"

Mwamvua hakutaka kumdanganya. "Huenda ni kweli. Hata mtego huwekewa nyama ya kweli."

Nje, sauti zilikuwa zimekaribia. "Nyumba hii! Watatu! Wewe uko hapa, mbona ndani mmoja?"

"Ni mapacha wangu, mjumbe, wamelala! Nimekwambia mara ngapi? Ingia uwafinye!"

Ilikuwa nyumba ya jirani. Iliyofuata ilikuwa hii.

Kabula alitazama mchi ukipanda na kushuka mbele ya magoti yake. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Mwamvua hakuipenda, utulivu wa maji yaliyojaa hadi ukingoni mwa ndoo.

"Kule kwa Luhende," alisema, pu, "nako nilikuwa napumua kwa ruhusa."

Mchi ulishuka kwa uzito wake wenyewe, bila kusukumwa. Mwamvua alitaka kusema kwamba si hivyo, kwamba yeye si Luhende, kwamba hii ni nyumba aliyoijenga mama yake, tofali kwa tofali, na ikienda haina mwenzake, na wote wawili watakuwa mahemani wakihesabiwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini alipoyapanga mdomoni yalifanana na maneno ya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia, na kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa mchi, na mbele ya mchi alikaa mtu.

"Dada." Kabula alimshika kifundo cha mguu kwa ule mkono wa kona. "Toka nje. Kidogo tu. Simama hata hapo mlangoni, nyumba ibaki na mimi peke yangu. Itajibu mmoja vile vile. Nami nilie, dada. Nilie kama watu wanavyolia, basi. Sijawahi kulia tangu nimefika."

Mwamvua akitoka nje, mjumbe atamwona nje. Na kisanduku kitasema ndani kuna mmoja.

"Hodi humu!" Ilikuwa sauti ya Mjumbe Mrisho, kwa mdomo, kama watu wa zamani. Fimbo yake iligonga kizingiti chini ya kibao. "Binti, upo ndani? Nabisha sasa."

"Yupo, si unasikia anatwanga," alisema Mama Kulwa. Kisha, taratibu zaidi, "Mbona amenyamaza?"

"Dada," alisema Kabula. "Nakuomba."

Taa ikapepesa. Mchi ulikuwa juu, mikononi mwa Mwamvua, na wote wawili walikuwa wamevuta pumzi.